Mwenye faili hayupo

Hii posti nimeikalia muda mrefu, sio kwa kuogopa siasa, kwa kuogopa ndugu. Inamhusu dogo, mtoto wa mama mdogo, na mama mdogo huwa anasoma ninayoandika hata kama hasemi (shikamoo mama). Ila ameshanipa ruhusa, kaniambia andika tu mwanangu ila usitaje kituo wala usitaje mtu, basi kituo sitakitaja na dogo nitamwita dogo hivohivo.

Ilikuwa Ijumaa jioni. Dogo anaendesha bodaboda, kabeba abiria, abiria ana begi mgongoni, wamefika mbele kidogo wakasimamishwa na askari waliovaa kiraia, begi likafunguliwa, ndani kuna simu tano na laptop ambazo huyo abiria hawezi kueleza kazitoa wapi. Abiria akapandishwa, dogo akapandishwa, pikipiki ikapandishwa, na simu ya dogo mwenyewe nayo ikaingizwa kwenye vielelezo kwa sababu ilikuwa simu na siku hiyo simu zote zilikuwa za wizi.

Mimi napigiwa ni saa mbili usiku. Nikabeba kitambulisho cha NIDA, nikampitia mwenyekiti wa serikali ya mtaa akaniandikia barua huku anasinzia, nikafika kituoni saa tatu na nusu nikiwa na uhakika kabisa kwamba nusu saa nyingi tunaondoka wote. Pale kaunta kuna bango limebandikwa ukutani, dhamana ni haki yako, dhamana ni bure. Nikaliangalia nikapata nguvu. Afande wa kaunta hakuwa mtu mbaya hata kidogo, alinisikiliza, akafungua kitabu, akashusha kidole mstari kwa mstari mpaka akalipata jina la dogo, halafu akafunga kitabu akasema, "Mwenye faili hayupo. Njoo Jumatatu."

Nikamuuliza sasa afande si kuna mkuu wa kituo? Yupo, ila mwenye faili, yaani askari anayeipeleleza, ndo anaijua kesi. Namba yake ya simu? Ipo, imezimwa. Nikamwonyesha lile bango. Akaliangalia kama vile ndo analiona leo, akacheka, na mimi nikajikuta nacheka.

Nikatoka nje nikasimama chini ya taa, nikaandika posti ya hasira ya kumtag Waziri wa Mambo ya Ndani. Niliandika kweli, aya mbili, sehemu nyingine herufi kubwa tupu. Kabla sijaituma nikasema ngoja nimpigie mjomba. Mjomba ni askari magereza mstaafu, kastaafu na usajini wake, miaka thelathini na kitu ya kufungua na kufunga milango.

"Mjomba shikamoo."

"Marahaba mpwa wangu. Nani kafa?"

Nikamweleza. Akauliza kashaandikisha maelezo? Mlalamikaji yupo? Mwenye faili nani? Nikamjibu ninayoyajua nikamwambia hapa nilipo namtag waziri. Akanyamaza kidogo. "Mpwa, mpaka Jumatatu waziri wa huyo mtoto ni mwenye faili. Huyo mwingine muache alale."

Usiku ule niliona ni maneno ya mzee aliyechoka. Posti sikuituma lakini sikuifuta pia, ikabaki kwenye rasimu, na kila nikiiona nikawa najiuliza, hivi kweli, waziri mwenye polisi, magereza, uhamiaji, zimamoto na wakimbizi, wote hao chini yake, anashindwaje kumtoa mtoto mmoja wa bodaboda kwenye lokapu siku ya Ijumaa?

Ukiiangalia kwa nje ile wizara inatisha. Mtu anaweza kukamatwa na Jeshi la Polisi, akafungwa na Jeshi la Magereza, akafukuzwa nchini na Idara ya Uhamiaji, nyumba yake ikiungua anakuja Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na kama kakimbia vita kwao anapokelewa na Idara ya Wakimbizi, vyote mlango mmoja. Hata NIDA niliyokuwa nimeishika mkononi usiku ule, kwa miaka yote niliyoijua imekuwa chini ya wizara hiyohiyo. Mtu ukisikia hivyo unasema huyu bwana ana funguo zote za nchi.

Sasa anza kuzihesabu moja moja. IGP, mkuu wa Jeshi la Polisi, anateuliwa na Rais. Kamishna Jenerali wa Magereza anateuliwa na Rais, wa Uhamiaji vilevile. Mashtaka sio yake, yako kwa DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, na DPP naye anateuliwa na Rais. Sheria yenyewe ina wizara yake nyingine, Katiba na Sheria, yenye waziri mwingine kabisa. Na huyo wa Katiba na Sheria msidhani anawaamrisha mahakimu, mahakama ni mhimili wake, ina Jaji Mkuu wake na tume yake ya kuajiri na kusimamia nidhamu. Ukivuka maji ndo unachanganyikiwa zaidi, polisi ni jambo la Muungano kwa hiyo askari wa Unguja na wa Tabora bosi wao ni mmoja, lakini magereza sio ya Muungano, Zanzibar yanaitwa Chuo cha Mafunzo na yako chini ya serikali ya kule. Yaani waziri mmoja, mtu akikamatwa Mwanakwerekwe kule Unguja ni wake, akihukumiwa siyo wake tena.

Halafu kuna hili la wakuu wa wilaya na mikoa ambalo watu wengi wanalisahau. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inawapa DC na RC mamlaka ya kuamuru mtu awekwe ndani mpaka masaa 48. Sheria imeweka masharti yake, mtu awe anahatarisha amani na hakuna njia nyingine ya kumzuia, ila sote tumeona video, kikao cha barabara, mhandisi kajibu vibaya, "OCD ondoka na huyu". Anayeamuru sio polisi, hayuko Mambo ya Ndani, ila lokapu inayotumika ni ya Mambo ya Ndani na lawama zikija zinaenda Mambo ya Ndani.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 imesema vizuri tu. Polisi wana masaa manne ya msingi ya kumhoji mtu, wanaweza kuongeza kwa utaratibu, na mtu anatakiwa afikishwe mahakamani ndani ya masaa 24 kadiri inavyowezekana, na kama kosa lina dhamana basi kituo kinaweza kumwachia kwa dhamana. Hilo neno "kadiri inavyowezekana" ndo limebeba wikiendi nzima ya dogo. Na sio kwamba mawaziri hawajui. Kangi Lugola alipokuwa waziri, 2018 mpaka Januari 2020, aliimba hilo kila alikoenda, dhamana ni masaa 24, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Wananchi wakampigia makofi. Mimi mwenyewe nilimpigia. Ila ukitazama lile tamko kwa makini utaona lilikuwa linarudia kitu ambacho tayari kilikuwa kimeandikwa kwenye sheria, na kama waziri mzima analazimika kuzunguka mikoani kuwakumbusha askari kitu kilichobandikwa ukutani kwao, basi tatizo halikuwa kutokujua.

Turudi kwa dogo. Jumatatu saa tatu asubuhi nipo kaunta, mwenye faili kaja, kijana mdogo kuliko nilivyofikiria, macho mekundu, ana mafaili kumi na kitu kwapani na pikipiki ambayo anaiwekea mafuta mwenyewe (hilo aliniambia yeye, na sijui kama lilikuwa ombi au malalamiko, niliamua kulisikia kama malalamiko). Kumbe wikiendi yote alikuwa kwenye msiba wa baba yake mdogo. Alisoma maelezo ya dogo kwa dakika kama nne hivi, akasema huyu ni dereva tu, anadhaminika. Dakika nne! Fomu ya dhamana haikuwepo, nikatumwa stationery ya ng'ambo ya barabara nikatoe kopi, shilingi mia mia, nikatoa kumi nikawaachia za wengine. Kalamu ya kaunta imefungwa kwa uzi wa katani kwenye mguu wa meza na uzi ni mfupi, inabidi uiname kama unasujudu ndo usaini.

Dogo akatoka. Hana mkanda, hana kamba za viatu, suruali kaishika kwa mkono wa kushoto. Kitu cha kwanza alichoniambia sio pole wala asante, aliniambia "bro, mle ndani kuna mzee anaumwa, hana mtu, mwenye faili wake yuko likizo." Likizo. Nikarudi kaunta kumuulizia yule mzee, nikaambiwa wewe ni ndugu yake? Sio ndugu. Basi.

Masiku matatu yale hakuna aliyempiga dogo, hakuna aliyemdai hela, hakuna aliyemtukana. Ndo kinachoniumiza kichwa mpaka leo. Ningekuwa na mtu mbaya wa kumlaumu ningelala. Hapa kuna mtu kalala sakafuni masiku matatu kwa sababu baba mdogo wa mtu mwingine kafariki.

Mjomba yeye anasema polisi ni barazani tu, twende ndani. Nilienda kumsalimia wiki iliyofuata nikampelekea na sukari, tukakaa nje, akaanza. Anasema gereza ni nyumba isiyokataa mgeni. Karandinga likija na watu sitini na hati zimesainiwa na hakimu, mkuu wa gereza hana uwezo wa kusema nimejaa, rudini nao. Anapokea. Hospitali inaweza kukuambia kitanda hakuna, shule inaweza kusema darasa limejaa, gereza halina hiyo lugha. Kwa hiyo waziri akisimama bungeni akaulizwa mbona magereza yamefurika, anaulizwa kuhusu mlango ambao upande wa kuingilia anaufungua hakimu, kwa mashtaka ya DPP, kwa upelelezi wa polisi, na upande wa kutokea anaufungua Rais na msamaha wake wa sikukuu. Desemba 9, 2019 Rais Magufuli alisamehe wafungwa 5,533 kwa mkupuo. Waziri yeye ni wa blanketi na ugali.

"Na hata ugali," mjomba akasema, akacheka peke yake. 2018 Magufuli alishasema serikali haiwezi kukaa inalisha wafungwa, walime wajilishe. Mjomba kalima sana na wafungwa, anaongea kuhusu mahindi ya gereza kama mtu anavyoongea kuhusu timu yake ya zamani.

Wanaoumia ni mahabusu. Mfungwa ana tarehe yake ya kutoka, kaiandika ukutani, anaijua. Mahabusu anarudi mahakamani kila baada ya siku 14 anasikia sentensi ileile, mheshimiwa upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine, anapanda karandinga anarudi. Mjomba anasema kuna watu wanazoea njia mpaka wanaijua kwa mashimo. Mnakumbuka masheikh wa Uamsho, wale wa Zanzibar walioshtakiwa kwa ugaidi, zaidi ya miaka saba ndani, Juni 2021 DPP akafuta mashtaka wakatoka. Hapo katikati mawaziri wangapi wa Mambo ya Ndani wamepita? Nimejaribu kuhesabu kwa vidole nikaona mkono mmoja umekwisha. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na uwezo wa kusaini karatasi moja ikawatoa.

Na mnakumbuka Julai 2019 Rais Magufuli alipoingia gereza la Butimba kule Mwanza, wafungwa na mahabusu wakasimama mmoja mmoja wakaeleza, wengi sio kwamba walilia hawana hatia, walikuwa wanasema kesi yangu haisogei. Baada ya pale wakafuata waziri wa Mambo ya Ndani, waziri wa Katiba na Sheria na DPP, watu wakaanza kuachiwa. Mtaani tulishangilia sana. Mimi sasa hivi nikiikumbuka ile picha naona kitu kingine, mpaka mawaziri wawili na DPP wakae sehemu moja, nyuma ya Rais, ndo faili lisogee. Ni sawa na bomba la maji la nyumba nzima linalofunguka siku ambayo wapangaji wote wamesafiri pamoja wakarudi pamoja.

Kuna sehemu moja tu ambayo huyu waziri ana ufunguo kweli mkononi, na kwa bahati mbaya ndo sehemu ambayo mijini hatuifikirii kabisa. Wakimbizi.

Niliwahi kufanya kazi ya muda Kibondo, kule Kigoma kwenye kambi za wakimbizi, udereva wa shirika moja, sio muda mrefu ila ulitosha. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 imempa waziri nguvu ambayo kwa polisi hana. Yeye anaweza kutangaza kwamba kundi fulani la watu kutoka nchi fulani ni wakimbizi wote kwa pamoja, bila kuhojiwa mmoja mmoja. Ilipofika Januari 2017 utaratibu huo ukasitishwa kwa Warundi. Anayevuka leo anahojiwa mwenyewe, inakaa kamati, inapendekeza, neno la mwisho la waziri. Fikiria hiyo nguvu. Mama kavuka porini na watoto wawili siku moja kabla ya tamko ni mkimbizi, mwenzake kavuka keshoyake naye inabidi athibitishe.

Na kambini kwenyewe kila kitu ni kibali. Mkuu wa kambi ni mtu wa wizara. Ukitaka kutoka zaidi ya kilomita nne unaomba kibali kwake. Kilomita nne ukitembea kwa mguu ni kama saa moja, na kuni zilizokuwa karibu zilishakwisha siku nyingi, kwa hiyo kila asubuhi kuna kinamama wako kilomita ya tano au ya sita, hawana kibali, wana shoka. Niliwahi kukutana na mmoja barabarani kakaa chini na mzigo wake, askari wawili wamesimama pembeni, wanasubiri gari. Mimi nilikuwa na gari lakini la shirika, siruhusiwi kubeba. Tukasalimiana kwa Kiswahili, ila Kiha, lugha ya wenyeji wa kule, alikuwa anaiongea vizuri kuliko mimi ninavyoongea Kiingereza.

Huyo mama ndo mtu pekee nchini ambaye anaiona ile wizara nzima kwa siku moja. Anaanza na idara ya wakimbizi iliyomnyima kibali, polisi wanamkamata, akitoka kwa hakimu anapokelewa na magereza, na akimaliza uhamiaji wanaweza kumsubiri getini. Ukiacha saa moja ya mahakamani, siku zake zote ni za waziri mmoja. Sisi wengine tunakutana na kipande tu.

Nchi hii hii, sio kwamba hatujui kupokea watu. Mwisho wa Aprili 1994 pale daraja la Rusumo waliingia Wanyarwanda zaidi ya laki mbili ndani ya siku moja, siku moja, na watu wa Ngara wakawapokea. Nyerere alipewa tuzo ya Nansen 1983. Na 2014 Warundi waliokimbilia hapa 1972, wale wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, kama laki moja na elfu 62 hivi wakapewa uraia, wengi wamezaliwa hapahapa. Hivyo navyo vilipita wizara hiyohiyo. Kwa hiyo sikubali mtu anayesema wizara ile kazi yake ni kufunga tu, imewahi kufungua na ilifungua mpaka mwisho.

Sasa kama polisi waziri hawaamrishi kesi kwa kesi, na magereza hachagui nani aingie, kazi yake ni nini? Hapo ndo namkumbuka Mzee Mwinyi. 1976 kule Mwanza na Shinyanga kulikuwa na mauaji ya vikongwe, serikali ikaendesha msako, watu wakakamatwa, baadhi wakateswa na wengine wakafia mikononi mwa vyombo. Mwinyi alikuwa waziri wa Mambo ya Ndani. Hakuwa Shinyanga, hakumgusa mtu, hakuna aliyesema aliamuru. 1977 akaandika barua akajiuzulu. Ukisoma habari yake utaona watu wanaieleza kama tendo la upole wake. Mimi naona ilikuwa ni kuelewa kazi. Alielewa kwamba kwenye kiti kile ufunguo huna lakini jibu unalo, na siku watu wakifa ndani jibu haliwezi kuwa mwenye faili hayupo.

Tangu hapo wengi wametoka kwenye kile kiti ila ni kwa njia tofauti tofauti. Desemba 2013 Nchimbi aliondoka pamoja na mawaziri wengine watatu baada ya Operesheni Tokomeza, msako wa majangili uliogeuka wananchi kuteswa, na hii nayo naiweka karibu na ya Mwinyi kwa sababu sababu yake ilikuwa watu walioumizwa. Mei 2016 Kitwanga alitenguliwa, Ikulu ikasema aliingia bungeni kujibu maswali akiwa amelewa. Januari 2020 Lugola alitenguliwa hadharani pale Ukonga kwenye uzinduzi wa nyumba za askari magereza, sababu mkataba wa vifaa vya zimamoto wa euro zaidi ya milioni 408 ambao Bunge halikuupitisha. Ulevi na mkataba. Sisemi ni vitu vidogo, mkataba ule ulikuwa mzito kweli. Ila nikijiuliza nani kaondoka kwa sababu ya mtu aliyekaa lokapu isivyo halali, au mahabusu aliyesahaulika, ukurasa unabaki mweupe. (Halafu wale wanaosema wizara ile ina mkosi mbona Mwinyi baadaye kawa Rais, Nchimbi kawa Makamu wa Rais na Mwigulu, aliyeondolewa pale 2018, kawa Waziri Mkuu, wote wawili Novemba 2025. Mkosi gani huo jamani, na mimi niuchukue.)

Najua kuna kazi imefanyika. Rais Samia aliunda Tume ya Haki Jinai Januari 2023, mwenyekiti Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman, wakazunguka, Julai wakakabidhi ripoti. Moja ya mapendekezo ni Jeshi la Polisi liache kuwa jeshi, liwe huduma ya polisi. Mtaani watu walicheka, wakasema afande akibadilishwa jina atakuwa nani, mtoa huduma? Mimi sikucheka sana. Baada ya yaliyotokea kwenye uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, ambayo jaji huyohuyo aliteuliwa tena kuongoza tume ya kuyachunguza, nadhani wengi waliocheka wangependa kulirudia lile pendekezo taratibu.

Mimi ningekuwa na nafasi ya kuuliza swali moja bungeni kwenye bajeti ya Mambo ya Ndani nisingeuliza kuhusu magari mapya wala ziara za kushtukiza. Ziara za kushtukiza zinanichosha, waziri anaingia kituoni na kamera, anafungua lokapu, anauliza huyu ana siku ngapi, OCS anababaika, watu sita wanaachiwa, tunashea video. Kesho yake kituo cha pili ambacho hakikutembelewa kiko vilevile. Ningeuliza hivi, mheshimiwa, usiku wa kuamkia leo ni watu wangapi wamelala kwenye vituo vyote vya nchi hii zaidi ya masaa 24, na wangapi kati yao wamelala kwa sababu mwenye faili hakuwepo? Hilo halihitaji tume. Kila kituo kina kitabu, nimekiona, afande anashusha kidole mstari kwa mstari. Kinachohitajika ni mtu wa juu anayekitaka hicho kitabu kila asubuhi, na askari wa pili mwenye ruhusa ya kufungua faili la mwenzake aliyefiwa. Nilimwambia mjomba haya akaniambia mpwa unaongea kama mtu ambaye hajawahi kuajiriwa. Labda.

Dogo yuko poa, kesi yake iliishia palepale kituoni baada ya mlalamikaji kumtambua abiria na kusema huyu wa bodaboda simjui. Pikipiki ilitoka wiki ya pili. Simu yake bado, iko kwenye vielelezo, na ndani ina picha za mwanae za mwaka wa kwanza zote, hakuwa ameziweka sehemu nyingine. Kila Jumanne anapita kuulizia. Juzi kaambiwa yule kijana mwenye faili kahamishiwa mkoa mwingine, aliyepokea mafaili yake yuko kozi, arudi mwezi ujao.